Vitabu vya Kugawana

Bwana Haskell aliziweka karatasi mbili mezani, moja ubavuni mwa nyingine, akazisogeza kwa kidole mpaka zikaenda sambamba. Odile Cyr akatazama ya kushoto, akatazama ya kulia, uso ukamwiva. Akamtupia jicho Lucien Daigle aliyekuwa kwenye kiti cha pili. Lucien naye alikuwa ameshaziona. Alikaa kama mtu aliyefumaniwa, masikio mekundu, na kama si pale ofisini huenda wangeangua kicheko wote wawili.

Lakini hapakuwa na cha kuchekesha. Chuo walichokuwa wakikiomba, kule Massachusetts, kilikuwa na swali ambalo vyuo vingine havikuwa nalo. Alama walizitaka, insha waliitaka, barua za walimu walizitaka, na juu ya yote hayo walitaka kujua: mwaka uliopita umesoma vitabu gani kwa mapenzi yako mwenyewe, mbali na vya darasani? Vitaje. Kila mmoja alijaza nyumbani kwao, kwa moyo mweupe, bila kumwonyesha mwenzake. Na sasa vitabu vilikuwa vile vile, kuanzia cha kwanza mpaka cha mwisho. Hata mpangilio ulikuwa ule ule.

"Nani kaangalizia kwa mwenzake?" aliuliza Bwana Haskell. Yeye ndiye mshauri wa wanafunzi, mtu mpole, hana makuu.

"Hakuna," walijibu kwa pamoja, na hilo nalo halikusaidia.

Bwana Haskell akawaambia anawaamini. Tatizo halikuwa yeye. Pale chuoni, maombi yote yanayotoka pembe hii ya kaskazini ya Maine husomwa na mtu mmoja, tena kwa mkupuo. Mtu huyo atafungua ombi la Odile, atapenda, atafungua la Lucien, kisha atarudi kwenye la Odile na kukunja uso. Shule yenyewe ndogo, waombaji wenyewe wawili, vitabu vyenyewe pacha. Ataona mmoja wao mwongo, na kwa kuwa hatajua ni yupi, atawaacha wote. Ni afadhali wagawane. Odile achukue hivi, Lucien vile, na maombi yatumwe ifikapo kesho, maana kesho ndiyo mwisho.

Alilisema hilo kwa wepesi, kama anayewaambia watoto wagawane karanga. Bwana Haskell hakuwa mtu wa Bondeni, bonde lao hilo la viazi. Alihamia kutoka kusini, na hakujua lolote kuhusu lile pikapu.

Maktaba ya pale kwao ni chumba kimoja chini ya ukumbi wa kanisa, na kila kitabu kina nakala moja tu. Majira ya baridi yaliyopita wawili hawa waligombea kitabu kimoja mlangoni, wakati huo hata hawajazoeana, kila mmoja akidai yeye ndiye aliyewahi. Lucien akasema basi tukisome wote. Alisema kwa utani, na Odile akakubali kwa utani vilevile. Wakaingia kwenye pikapu la babu yake Lucien, wakaliegesha nyuma ya ghala la viazi ambako upepo haufiki, wakawasha hita. Odile akasoma sura ya kwanza kwa sauti, Lucien akasoma ya pili. Theluji ilipokuja kuyeyuka walikuwa wameshasoma rafu nzima ya dirishani, na walikuwa wamependana, wamependana hasa, kiasi kwamba siku isiyo na pikapu waliiona haina maana. Hata shule ilipofungwa kwa mavuno, walipokuwa wakisimama juu ya mashine kutwa nzima wakichambua mawe kwenye viazi, jioni vidole haviwezi kushika kijiko, kurasa mbili tatu walizisoma.

Sasa mtu agawane nini hapo?

Odile alipofika nyumbani mama yake alikuwa ameshajua. Bi. Laurette alikuwa anauza stempu pale posta, na posta ndiko habari zote za Bondeni hupitia. Isitoshe, Bwana Haskell alikuwa amempigia simu mwenyewe kumkumbusha saini yake. Odile alikuwa anaomba mapema, kwa ule utaratibu wa mkataba. Anatia saini mwanafunzi, anatia saini mzazi, anatia saini mshauri, na ukikubaliwa huna kwenda kwingine, mambo yamekwisha. Lucien naye alikuwa anaomba hivyo hivyo. Babu yake, ndiye aliyemlea baada ya wazazi kufariki, alikuwa ameshamtilia saini tangu Jumapili.

Bi. Laurette alikuwa anapika ploye jikoni, zile chapati za njano ambazo hupikwa upande mmoja tu. Hakugeuka kumtazama bintiye. Alisema saini yake ipo na kalamu ipo, lakini hatatia kitu mpaka kijana wa Daigle afute vitabu vyake.

"Kwa nini afute yeye?" Odile aliuliza.

"Kwa sababu ni vyako."

"Tulisoma wote, Mama."

"Wewe ulisoma. Yeye alikuwepo." Bi. Laurette akazima jiko. "Mwanangu, tangu una miaka minne ukipewa gazeti la kufungia samaki unalisoma kwanza. Huyo kijana darasani alikuwa nyuma yako, na hakuwahi kushika kitabu mpaka alipokushika mkono. Sasa eti naye anaenda chuo hicho hicho. Kufanya nini? Anakufuata kama mkia."

Odile akamwambia mama yake asimseme Lucien hivyo. Mama akasema atamsema zaidi. Alimkumbusha kwamba chuo kile hakiwezi kuchukua watoto wawili kutoka shule ile, hakijawahi hata kuchukua mmoja, na kati ya binti wa dereva wa lori la magogo na yatima aliyelelewa na babu shambani, nani hatajua watamwonea huruma nani? Akamkumbusha na jambo ambalo Odile alikuwa amelisikia maisha yake yote: kwamba yeye Laurette, alipokuwa na umri huo huo, alikuwa na barua ya kukubaliwa mkononi, akabaki Bondeni kwa ajili ya mvulana mwenye macho mazuri. Mvulana huyo ndiye baba yake Odile. Hamjutii, alisema. Lakini na yeye alikuwa na akili, na akili hiyo leo inahesabu stempu.

"Kamuulize," akamalizia. "Muulize kama usingekuwepo wewe, yeye angesoma nini. Akikujibu vizuri, njoo nitatia saini na vitabu mgawane."

Odile hakula. Alipanda chumbani akakaa kitandani na koti lake. Hasira alikuwa nayo, lakini si hasira peke yake. Swali la mama lilikuwa limemwingia, na kila alipojaribu kulitoa lilizidi kuzama.

Jioni bado mapema Lucien akaja. Hakupiga honi, anamjua Bi. Laurette. Aliegesha uani, akazima injini, akangoja. Odile alipofungua mlango wa pikapu alikuta hita inawaka na Lucien ameshika penseli, karatasi yake ameiweka juu ya usukani, na usoni anatabasamu lile tabasamu lake la upande mmoja ambalo siku zote lilimfanya Odile atabasamu naye. Leo hakutabasamu.

"Haya, mke wangu," alisema Lucien, "wametuambia tutalikiane. Tuanze na vyombo au na mbuzi?"

Odile akacheka, ingawa hakutaka. Wakaanza vizuri tu. Kile cha mpishi wa meli akachukua Lucien, kwa sababu ndiye aliyekuwa akiigiza sauti ya nahodha. Kile kinene cha historia ya barafu akachukua Odile, kwa sababu Lucien alilala tangu ukurasa wa kumi na akakubali mwenyewe. Kile cha mapacha wa kisiwani wakakirushiana, chukua wewe, hapana chukua wewe, kikamwangukia Lucien. Walikuwa wamekaa karibu, bega kwa bega, na pumzi zao zilikuwa zinatia ukungu kwenye kioo.

Kisha wakafika kwenye kile cha mjane.

Kilikuwa kitabu chembamba, kina habari za mjane aliyekuwa akitengeneza saa za watu mjini na hakuwa na saa hata moja nyumbani kwake. Walikisoma mwezi wa tatu. Kwenye sura ya mwisho sauti ya Odile ilikatika katikati ya sentensi, akashindwa kuendelea, na Lucien akakichukua kitabu taratibu mikononi mwake, akakifunga, akambusu. Ilikuwa mara ya kwanza. Mpaka leo hawajui kile kitabu kiliishaje.

"Hicho changu," alisema Odile.

"Hicho nakitaka mimi."

"Nilikuwa nasoma mimi, Lucien. Nililia mimi."

"Na mimi nilikuwa nafanya nini?"

"Wewe hukuwa unakisikiliza hata kidogo, ulikuwa unanitazama tu."

Alilisema kwa mahaba, lakini lilipotoka lilikuwa na makali. Lucien akaiweka penseli chini. Akasema sawa, achukue. Achukue na cha mpishi wa meli. Achukue na mapacha. Akaiokota tena penseli, akaanza kuchora mistari juu ya majina ya vitabu vyake kimoja baada ya kingine, bila haraka, mpaka Odile akamshika kiganja.

"Usinipe sadaka."

"Si sadaka. Nakurudishia."

"Unarudisha kwa nani? Vilikuwa vyetu."

Lucien aliinamia karatasi yake. Odile hakutaka kuuliza. Aliuliza hata hivyo, kwa sababu kutouliza kulikuwa kumeshamshinda.

"Nikuulize kitu, na unijibu kweli. Hivi vitabu ulivipenda?"

"Odile."

"Nijibu."

Lucien aliangalia kioo chenye ukungu. "Nilipenda sauti yako," alisema. "Nilipenda unavyolamba kidole kabla ya kufungua ukurasa. Vitabu vyenyewe... vingine vilikuwa vizuri. Cha mpishi nilikipenda kweli. Vingine ungenisomea orodha ya simu ningekaa vilevile."

Jamani, yapo maneno matamu ambayo yakisemwa siku mbaya humchoma mtu kuliko tusi. Odile alikuwa amengoja maisha yake yote apate mtu wa kusoma naye. Hakuwa na dada, na rafiki zake wote waliona kusoma ni ugonjwa, na alipompata Lucien alimshukuru Mungu kwa magoti. Sasa alihisi kama mtu aliyekuwa akicheza dansi mwaka mzima, akafumbua macho, akakuta mwenzake amesimama tu amemshika kiuno. Machozi yalimlenga. Akayazuia.

"Kwa hiyo Mama anasema kweli," alisema.

"Mama yako anasema nini?"

"Kwamba unanifuata. Kwamba mimi nisingekuwepo, wewe usingeandika hata kitabu kimoja kwenye hiyo karatasi."

Hapo ndipo Lucien alipokasirika. Si mtu wa kupaza sauti, na hakuipaza, lakini alimgeukia Odile na macho yake yalikuwa yamebadilika.

"Ningeandika," alisema. "Unafikiri sijui kusoma? Ningeandika, ila vyangu si vya kuwaandikia watu wa kule."

"Vitabu vipi?"

"Achana navyo."

"Vipi, Lucien?"

Lucien akaanza kuvitaja akitazama magoti yake, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja dhambi kwa padri. Kulikuwa na kimoja cha maradhi ya viazi, chenye picha za rangi. Kulikuwa na kimoja cha udongo wa wilaya yao, kilichotolewa na serikali zamani, kila shamba limepimwa na kuchorwa. Kulikuwa na kimoja cha minyoo ya ardhini, kitabu kizima cha minyoo, na hicho amekirudia. Anavisoma alfajiri kabla babu hajaamka. Hakuwahi kumwambia mtu.

Odile akauliza minyoo ina nini cha kujaza kitabu kizima. Aliuliza kwa kejeli kidogo, bado ameumia. Lakini Lucien alimjibu, na alipoanza hakuweza kusimama. Alimweleza kwamba lile shamba la juu la babu yake, lile ambalo kila mwaka linatoa viazi vidogo na babu analilaani, si bovu. Limekanyagwa na mashine mpaka likasongwa, halipumui. Alimweleza vile udongo unavyokufa na vile unavyofufuka, na kile ambacho angekifanya kama angekuwa na mtu wa kumfundisha vizuri. Mikono yake ilikuwa inapita hewani ikichora matabaka. Macho yalimng'aa. Alikuwa amesahau karatasi, amesahau ugomvi, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane alikuwa amemsahau hata Odile.

Odile akamtazama tu. Na ndani ya kule kumtazama, akaelewa, na akahuzunika.

Mwaka mzima wa vitabu vyake yeye, Lucien hakuwahi kuzungumza hivi. Na chuo kile cha Massachusetts, chenye majengo ya mawe na maktaba ambayo Odile ameiota tangu utotoni, kilikuwa hakifundishi udongo. Odile alilikariri lile kabrasha lao mpaka picha, na udongo haumo. Ulikuwa unafundishwa kwenye chuo kikuu cha jimbo, hapo hapo Maine, tena kule wana mashamba ya viazi ya kufanyia majaribio. Kila mtu Bondeni anajua hilo. Lucien alikuwa analijua kuliko wote.

Angeweza kunyamaza. Wazo hilo lilimjia likiwa zima na tamu sana. Angeweza kusema, viache hivyo, tugawane hivi vya kwetu, na Lucien angeokota penseli. Kesho wangepeleka. Wakikubaliwa wote wawili, miaka minne wangekaa meza moja, wangesoma, wangetembea kwenye yale majani mekundu ya kwenye picha za kabrasha, na usiku asingelala akiwaza yuko wapi, yuko na nani. Hakuna ambaye angemlaumu, na Lucien mwenyewe asingejua kwamba mwenzake aliwahi kufikiria vingine.

"Kule hakuna wa kukufundisha haya," alisema. Sauti ilikuwa yake, lakini aliisikia kama ya mtu mwingine.

"Najua."

"Tangu lini unajua?"

"Tangu mwanzo."

"Na ungekwenda."

"Ningekwenda."

"Ukafanye nini, Lucien?"

"Nikusikilize," alisema, na hakuwa anatania.

Odile alitaka kumkumbatia na alitaka kumpiga makofi, yote kwa wakati mmoja. Mama yake alikuwa na hofu mwaka mzima kwamba kijana huyu atamvuta mtoto wake arudi nyuma. Kumbe mambo yalikuwa kinyume, anayeburutwa alikuwa Lucien, na kamba aliishika Odile, tena kwa mikono miwili na kwa raha zake.

"Walisema vitabu ulivyosoma kwa mapenzi yako mwenyewe," alisema. "Umeandika nilivyopenda mimi. Mkataba ule ukikubaliwa huwezi kugeuka. Futa, Lucien."

"Nifute vitabu?"

"Futa jina."

Lucien alimtazama kama hakusikia. Upepo ulikuwa umeanza, na theluji nyepesi, ya kwanza mwaka ule, ilikuwa inagusa kioo na kuyeyuka.

"Unanifukuza, Odile?"

"Nakufukuza kwenye chuo. Sikufukuzi kwangu."

"Mbona mimi naona ni kitu kimoja?"

Odile akamshika mkono, na Lucien akauachia mkono wake ushikwe, lakini haukushika.

"Najua unayosema ni kweli," alisema Lucien hatimaye. "Hilo ndilo linalonitia hasira. Ungekuwa unasema uongo ningebishana na wewe mpaka asubuhi." Akachukua penseli. Akachora mstari juu ya jina lake, pale juu kabisa ya karatasi, akaikunja, akaiweka kwenye mapaja ya Odile. "Kampelekee mama yako. Shuka sasa. Tafadhali shuka, nisije nikabadilisha mawazo."

Akashuka. Alitembea mpaka mlangoni bila kugeuka, akijikaza kisabuni.

Bi. Laurette alikuwa amekaa mezani, kompyuta iko wazi mbele yake, ombi la Odile limefunguliwa pale penye saini. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, ilionekana wazi, hata mikono ameshaikunja.

"Amefuta vitabu vyake?"

"Amefuta jina lake," alisema Odile.

Akaiweka karatasi mezani. Mama yake akaikunjua, akaisoma, akaigeuza nyuma kama anayetafuta kilichobaki. Akauliza ni nani aliyemwambia afute, na Odile akamjibu kwamba ni yeye. Akamweleza yote, udongo, minyoo, chuo cha jimbo, yote, kwa maneno machache na bila kulia. Alimwambia kwamba swali lake lilikuwa zuri. Aliuliza, akajibiwa vizuri mno.

Bi. Laurette alikuwa amepata alichokitaka. Vitabu vyote vilikuwa vya mwanawe, kila kimoja, kuanzia cha mpishi mpaka cha mjane, na hapakuwa na mtu wa kugawana naye. Lakini uso wake haukuwa wa mtu aliyeshinda. Alimtazama binti yake kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama, kama mtu mzima anavyomtazama mtu mzima mwenzake.

"Mimi nisingeweza," alisema taratibu. "Nilipokuwa na umri wako, baba yako angetaka kunifuata chuoni namna hiyo, ningemwacha anifuate. Nisingemwambia kitu."

Akatia saini. Odile akakaa, akapitisha macho juu ya vile vitabu mara moja tu, maana mara ya pili asingeimudu, akabonyeza. Ombi likaenda. Ulikuwa mwaka mzima wa maisha yake, na ulienda kwa kidole kimoja.

Mama yake alikuwa amesimama dirishani. "Bado yuko nje," alisema. "Kwa nini haondoki?"

Odile alikuwa ameshafika mlangoni. Alitoka bila koti, theluji inamwangukia kwenye nywele, na Lucien alipomwona naye akafungua mlango wa pikapu akashuka, wakasimama wote wawili uani, katikati yao hatua chache ambazo hakuna aliyethubutu kuzimaliza. Macho ya Lucien yalikuwa mekundu. Hakuyaficha.

"Usiniambie kwamba utaningoja," alisema Odile. "Miaka minne ni mingi. Watu hubadilika. Usiniahidi kitu kwa sababu una huzuni."

"Sijasema kitu."

Odile akajifunika uso kwa viganja, na yale machozi aliyoyazuia tangu garini yakatoka yote.

"Ndiyo maana nalia," alisema. "Sema."

Na Lucien akasema.